Jiwe la Ami kwenye Tanuu la Babu

Idi Kubwa ya 2013 ami alirudi kwetu Makunduchi, Unguja, kutoka Mbinga, kusini mwa Tanzania bara, alikokuwa akiendesha lori la makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Wengine waliletewa vitenge. Mimi, kidato cha pili na hodari wa jiografia (wa mdomo zaidi), nilipewa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na bonge la makaa, jepesi kuliko nilivyodhani, na jiwe la kijivu, bapa kama kigae, aliloliokota kwenye kifusi. Juu ya jiwe lile limelala jani.

Jani jeusi, refu kama ulimi wa mbuzi, lina uti katikati na mishipa iliyofumana kama wavu wa dagaa. Mwalimu wangu alilitambua: Glosopterisi, jina lenyewe la Kigiriki lina ulimi ndani yake. Ulikuwa mti wa kwenye vinamasi, zaidi ya miaka milioni 250 nyuma, Afrika ikiwa bado imeshikana na Bara Hindi, Australia na Antaktika. Majani yalianguka majini, yakafukiwa na tope kabla hayajaoza, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito ukayageuza makaa.

Nilimsomea Babu yote hayo. Babu alikuwa mchoma chokaa. Kwetu ukivunja jiwe lolote unakuta tumbawe au kombe, kwa hiyo jiwe lisilo na kitu cha pwani alilitilia shaka. Akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akanyamaza.

Kesho yake nikatoka kwenda mpirani. Niliporudi, kigae hakipo.

"Babu, jiwe langu li wapi?"

"Nimelipika."

Alilitia kwenye tanuu, juu ya magogo ya mnazi, pamoja na mawe yake mengine. Kwake hapakuwa na njia nyingine ya kulijua jiwe. Moto ulilala hadi asubuhi, nami sikulala. Ulipopoa akamwagia maji. Mawe yetu yakachemka, yakapasuka, yakawa unga mweupe. Langu likatulia tu, jekundu kama tofali, limekatika vipande viwili.

"Si chokaa hili," akasema, kama aliyeuziwa kitu kibovu.

Nililia, na umri ule! Yeye akapuliza majivu, akakiinamisha kipande kimoja kwenye jua. "Hebu njoo. Mishipa imebaki." Kweli. Weusi wote ulikuwa umeungua, jani lenyewe halipo tena, lakini alama yake imekaa ndani ya ule wekundu, uti na wavu wake.

Baadaye sana nikasoma habari za Gordon Stockley, mjiolojia aliyechunguza mawe ya Unguja na Pemba, ripoti yake ikatoka 1928. Huyo huyo ndiye aliyekwenda kuchunguza makaa ya bonde la Ruhuhu, kule kule kwa ami, akakusanya na mifupa ya wanyama watambaao wa kale katika tabaka zilizo juu ya makaa. Ningempa Babu kisa hicho, angecheka: mtu atoke kwenye mawe yetu aende kwenye yale.

Bonge la makaa Babu aliliomba mara tatu. Alitaka kuliona jiwe linalopika mawe. Nilikuwa bado na hasira, nikamnyima. Alifariki hajaliona likiwaka. Ninalo mpaka leo.