Sahani za Angani na Mwanamke Mwenye Kwato

Sina ugomvi na imani ya mtu juu ya majini, kwa kuwa hilo ni jambo la dini. Ninachokipinga ni vyombo vya habari kukipa umbo kila kinachoonekana gizani kabla ya yeyote kukichunguza. Tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold aliripoti vitu tisa viking'aa karibu na Mlima Rainier, Marekani, akasema vilikwenda kama sahani iliyorushwa ikadundadunda juu ya maji. Kwa mfano huo alieleza mwendo, wala si umbo, lakini magazeti yaliandika habari za sahani zinazoruka, na wiki zilizofuata watu wengi wakaanza kuona sahani.

Hapa Mombasa, mwanamke mrembo wa buibui mwenye kwato, anayeomba lifti usiku, tumesimuliwa tangu utotoni; siku hizi anasambazwa kwa WhatsApp, na kila msambazaji amepokea kwa mwingine. Ule msafara wa taa unaopita kimya juu ya Nyali, ambao majirani huuogopa, aghalabu ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa karibuni. Huakisi jua ambalo kwetu limekwisha kuchwa, ndiyo maana huonekana baada ya magharibi au kabla ya macheo, kisha huzimika ghafla zikiingia kivulini mwa dunia.

Mtangazaji angeweza kuyaeleza haya kwa dakika mbili. Badala yake huweka muziki wa kutisha, na watoto hulala na hofu. Aliyekwisha kutishwa hivyo, akipatwa na jinamizi, akaamka mwili haujongei, hulipatia jina alilolisikia. Pemba na Unguja, mwaka 1995, jina hilo lilikuwa popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku.