Macho ya Mama

Asubuhi ya nne ya homa nilifungua pazia ili mama anywe uji, nikaona weupe wa macho yake umekuwa rangi ya binzari.

Siku zote hizo tulikuwa tukisema ni malaria. Kipimo kilipokataa tukahamia taifodi, tukanunua vidonge duka la dawa. Usiku alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, na joto la Dar es Salaam limo humo humo chumbani. Nilipomuuliza kuhusu mkojo alinyamaza kwanza, maana hayo si mambo ya kumwambia mwanao. Kisha akasema, "Siku ya tatu leo, kama chai ya rangi."

Hospitalini daktari alimbonyeza chini ya mbavu za kulia, mama akaudaka mkono wake. Altrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mrija mkuu wa nyongo umetanuka kwa sababu jiwe moja lilikuwa limeshuka na kuuziba.

Jioni ile presha yake ilishuka, naye akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Sitasahau sauti yake. Baadaye nilisoma kwamba Charcot, tabibu wa Paris, aliziandika pamoja homa ya kutetemeka, manjano na maumivu ya ubavu mwaka 1877 kama dalili za maambukizi ya mrija wa nyongo, na kwamba mwaka 1959 madaktari Reynolds na Dargan waliongeza dalili mbili za hatari: presha kushuka na akili kuchanganyikiwa. Mama alikuwa nazo zote tano.

Daktari alinieleza taratibu, nami namshukuru mno kwa hilo. Nyongo ikitiririka vizuri kutoka kwenye ini kwenda utumbo mdogo, husafisha njia yake yenyewe. Ikituama, bakteria wa utumboni kama E. koli na Klebsiela huzaliana humo. Shinikizo likizidi ndani ya mrija, bakteria hao husukumwa hadi kwenye damu. Kule kutetemeka kulikuwa ni bakteria wakiingia kwenye damu ya mama, nami nilikuwa namwongezea blanketi.

Kwa hiyo dripu za antibiotiki peke yake zisingetosha. Ilibidi njia ifunguliwe. Walipitisha kamera mdomoni hadi pale mrija unapofungukia utumboni, wakakata kidogo mlango wake, usaha ukatoka. Jiwe hawakulitoa siku hiyo kwa kuwa hali yake ilikuwa bado mbaya. Waliweka kimrija cha plastiki ili nyongo ipite. Kesho yake homa ilishuka, akanitaja kwa jina langu.

Kinachoniuma ni ile miaka miwili ya nyuma. Kila akila pilau au chapati za mafuta alikuwa akishika tumbo, nasi tukasema ni vidonda vya tumbo. Magnesia nilikuwa namnunulia mimi mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumpiga altrasaundi, na mimi sikuwahi kuiomba. Namfikiria pia binamu yangu mwenye selimundu: chembe zake nyekundu za damu huvunjika mapema, na rangi inayobaki huganda kuwa mawe hata kwa mtoto mdogo. Macho yake ya manjano tumeyazoea kiasi kwamba siku yakibadilika huenda tusijue. Nimempigia simu mama yake jana, tumeongea kirefu.

Jambo jingine limenikaa kichwani. Jiwe huleta bakteria, lakini bakteria nao huweza kutengeneza mawe: vimeng'enya vyao huitenganisha ile rangi ya nyongo, nayo hushikamana na madini ya kalisi kuwa mawe ya kahawia, laini, ndani ya mrija. Ndiyo maana kimrija hakiruhusiwi kusahauliwa, nacho huziba.

Mama amesharudi nyumbani. Anakula ndizi za kuchemsha na kulalamika kwamba hazina nazi. Kadi yake nimeibandika ukutani juu ya mtungi wa maji: miezi mitatu, kutoa jiwe na kimrija, kisha mfuko wa nyongo. Kila asubuhi nikifungua pazia huvuta kope lake chini kabla sijamwomba.