Nilivyochagua sensa ya hewa baada ya kufunga supachaja

Supachaja, mashine inayokandamiza hewa na kuiingiza kwa wingi ndani ya injini, ilipoanza kusukuma, kilichofika mwisho wa uwezo wake mapema kuliko vyote hakikuwa injini wala nozeli za mafuta. Ilikuwa sensa ya hewa, ile MAF inayokaa baada ya chujio la hewa na kuiambia kompyuta ya injini ni hewa kiasi gani inaingia. Nikirekodi kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, volti zilikuwa zinapanda vizuri hadi karibu mizunguko 5,000 kwa dakika, kisha mstari unalala palepale kwenye 4.9 huku injini ikiendelea kuvuta. Sensa ya aina yangu hutoa volti kati ya 0 na 5, haina pengine pa kwenda. Ikishagota juu, hewa inazidi kuingia lakini kompyuta haina habari, inaendelea kutoa mafuta ya hewa iliyokwisha kuiona. Mchanganyiko unapungukiwa mafuta wakati silinda zimebeba presha kubwa kuliko kawaida, na huo ndio wakati injini hugonga, yaani mafuta hulipuka vibaya ndani ya silinda, na pistoni hutoboka. Nikaacha kukanyaga hadi nipate sensa nyingine.

Ushauri uliokuwa umeenea ni kununua sensa "inayolingana na nozeli". Hizi ni sensa zilizorekebishwa makusudi ziseme uongo. Ukifunga nozeli zenye uwezo mara moja na nusu ya zile za kiwandani, sensa inaripoti theluthi mbili tu ya hewa inayopita. Kompyuta inafungua nozeli kwa muda mfupi zaidi na mafuta yanatoka sawasawa. Ujanja mzuri, ila kompyuta haitumii kipimo cha hewa kwa mafuta peke yake, inakitumia pia kupanga taimingi ya cheche, yaani wakati wa kuwasha mafuta. Ikidhani injini ina mzigo mwepesi, inawahisha cheche, na kwenye gari lenye supachaja kuwahisha cheche chini ya mzigo mkubwa ni kuitafuta shida. Hizo nilizifuta kwenye orodha mapema. Kompyuta yangu inaandikika upya, kwa hiyo ukubwa wa nozeli nitaiambia wenyewe, na sensa iseme ukweli.

Nikaanza na hesabu kabla ya kutazama bidhaa yoyote. Injini ni ya lita 2.0, na mwisho wake ni mizunguko 6,500. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo inameza lita 6,500 kwa dakika kama ingejaa kabisa. Lita moja ya hewa ya kawaida ina takriban gramu 1.2, inakuja gramu 130 kwa sekunde. Injini haijai kabisa, nikachukua asilimia 90: gramu 117. Puli niliyofunga, gurudumu la mkanda linalozungusha supachaja, inaleta presha ya bar 0.6 juu ya ile ya hewa ya nje, yaani zidisha kwa 1.6, upate 187. Joto la kukandamizwa hupunguza uzito wa hewa na intakula, kipozeo cha hewa iliyokandamizwa, hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, sio yote. Nikasimama kwenye 170. Kwa kanuni ya haraka ya mafundi, gramu moja kwa sekunde ni karibu hosipawa 1.3, hivyo nazungumzia hosipawa 220 hivi, na hiyo ilikubaliana na nilichotarajia kwa mfumo kama wangu.

Lakini sensa ya gramu 170 isingenifaa. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto, hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo. Upoaji hauendi sambamba na hewa. Hewa ikiwa kidogo volti huruka haraka, ikiwa nyingi hupanda kwa kujivuta, hivyo nusu volti ya mwisho peke yake hubeba sehemu kubwa ya uwezo wote wa sensa. Isitoshe, asubuhi ya baridi hewa ni nzito. Nilitaka inayofika angalau gramu 210 kabla ya kugota.

Njia ya bei nafuu ilikuwa kuchomoa kipande cha sensa ya zamani na kukipachika kwenye paipu pana. Ya kwangu ilikuwa na kipenyo cha milimita 60. Eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo paipu ya 70 ingeongeza uwezo kwa asilimia 36. Ya 80 ingeongeza asilimia 78, na wapo wanaoikimbilia wakiamini kubwa ndiyo bora. Sikubaliani nao. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, hewa inayopita ni gramu chache kwa sekunde, na kwenye paipu pana hivyo ingekuwa sawa na kupima bizari kwa mizani ya magunia. Hata ile ya 70 nikaiacha, kwa sababu hesabu ya eneo inadhani hewa inapita kwa mpangilio uleule ndani ya paipu mpya. Haipiti hivyo kabisa, na jedwali unaloandika, la kuiambia kompyuta kila volti ni gramu ngapi za hewa, linabaki kuwa makisio.

Nilichonunua ni sensa ya gari lenye injini kubwa zaidi, pamoja na nyumba yake ya asili yenye kile kichujio cha matundu kama sega kinachonyoosha hewa. Jedwali lake la volti na gramu limepimwa ikiwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Kabla ya kulipa nilihakikisha mambo mawili: inatoa volti, maana nyingine hutoa masafa, yaani mapigo ya umeme yanayohesabiwa kwa sekunde, na kompyuta yangu isingezielewa, na ni ya kweli. Bandia zimejaa, na zina tabia ya kusoma vizuri chini na kupotea juu, mahali penyewe unapozihitaji.

Kuifunga kulinichukua muda mwingi kuliko kuichagua. Niliiweka kabla ya supachaja, sio baada yake, nikaiachia paipu iliyonyooka mbele, kwa kuwa kona ikiwa karibu hewa hubanana upande mmoja na waya unasoma tofauti na kilichopo. Vali ya kupumulia presha, inayoiachia hewa unapoacha kukanyaga, nayo ilibidi irudishe hewa kwenye paipu kati ya sensa na supachaja. Ikiitupa nje, hewa hiyo imeshahesabiwa, na kila unapoondoa mguu kwenye pedali injini inapewa petroli ya hewa isiyokuwepo. Sensa ya joto iliyo ndani ya MAF sikuitegemea tena, inapima hewa ambayo haijakandamizwa. Nilifunga nyingine baada ya intakula.

Jedwali likaingia kwenye kompyuta. Kwa mwendo wa kawaida nilitazama masahihisho ya mafuta ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Yalikuwa ndani ya asilimia 4, isipokuwa sehemu moja ya chini iliyokuwa imezidi, nikairekebisha hapo tu bila kugusa kwingine. Kwa mzigo kamili masahihisho hayo hayafanyi kazi, kwa hiyo nilitegemea kipimo cha oksijeni cha masafa mapana kwenye eksozi, nikilenga sehemu 11.8 za hewa kwa moja ya petroli. Ilikuwa 11.6 hadi 11.9 mpaka juu kabisa. MAF ilisoma gramu 166, volti 4.4.

Ninayo puli ndogo zaidi ambayo bado sijaifunga. Sensa inayo nafasi ya kuipokea, lakini nozeli kwenye mizunguko 6,500 tayari ziko wazi asilimia 86 ya muda, kwa hiyo zamu inayofuata ni yao.