Harufu ya Maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Mungu amesema nami kupitia ua la sebuleni kwangu, na nisipowaambia sitapata usingizi. Ni lile lenye majani ya umbo la moyo, linalotambaa hadi juu ya dirisha. Kipande chake nilipewa na dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi hapa Himbi, mtaa wetu wa Goma, nikakichomeka kwenye ndoo ya rangi, kikashika, kikatanda ukuta mzima.

Mwezi uliopita majani yakaanza kugeuka manjano. Mimi nikakimbilia maji. Ninyi mlio Goma mnajua thamani ya bidoni moja, dumu moja la maji, bomba linapokauka, lakini ua lile lilipata sehemu yake asubuhi, likapata na jioni. Likazidi kulegea. Nikaongeza.

Jumatatu nikamwita papa mmoja, mzee anayeuza miche kando ya barabara. Akachomeka kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Mama, hili halina kiu. Linakufa maji."

Akaipindua ndoo, harufu ya matope yaliyooza ikajaa uani. Chini hapakuwa na tundu hata moja. Maji yote niliyomimina yalikuwa yamesimama palepale. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini. Ukiigusa ganda linabanduka, unabaki na uzi mkononi. Akanieleza kwamba mizizi nayo hupumua. Udongo ukijaa maji hewa inakosa nafasi, na mzizi uliooza hauwezi tena kunywa. Ndiyo maana majani yanalegea kama yenye kiu, na mwenye ua anazidi kumimina.

Akaikata yote iliyooza kwa kisu alichokipitisha motoni, akabakiza michache myeupe, migumu. Akataka chungu kidogo kuliko ile ndoo, chenye tundu, maana udongo ukiizidi mizizi unashika maji mengi. Akachanganya udongo mpya na vikokoto vya volkano, vile vyepesi vyenye vitundu. (Nyiragongo, mlima uleule ulioshusha moto katikati ya mji wetu Januari 2002 ndio unaotupa mawe ya kulea mizizi. Hilo nitalisema siku nyingine.) Kisha akanikanya: maji kidogo leo, halafu usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke kina cha kidole. Mbolea bado. Jua kali bado.

Nikiwa nafagia ule udongo, nikamkumbuka dada aliyenipa kile kipande. Mwaka huu amefiwa na mumewe. Wapendwa, tumemfanyia nini?

Tulikwenda kwake kila jioni, na kila aliyeingia aliingia na mstari wake. Mimi mwenyewe nilimpa Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi kwa mema ya wampendao, kabla hata hatujazika. Alipolia, tukapaza wimbo. Aliponyamaza, tukamwambia afunge siku tatu. Alipoacha kuja ibadani, tukamtumia jumbe za sauti usiku na mchana. Alipoacha kujibu, tukasema amepoa kiroho. Tulikuwa tunammiminia mtu ambaye hatukumwachia pa kutolea hata tone moja.

Nasema na sisi wanamaombi kwanza. Neno ni maji ya uzima, hilo halina mjadala. Lakini Neno hilohilo, Mithali 25:20, linasema kumwimbia mwenye moyo mzito ni kama kumvua mtu nguo wakati wa baridi. Ni mara ngapi tumewavua watu nguo, tukatoka tukiwa tumeridhika kwamba tumehudumu? Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, hata Mungu akawakasirikia. Tuache haraka, jamani. Mama aliyefiwa si somo la kufundishia. Kijana aliyekimbia vita na kuacha kaburi la baba yake kijijini hahitaji kuambiwa na wewe kwamba wengine wamepoteza zaidi. Kaa naye. Mwulize jina la baba yake. Ngoja.

Yule mtunza shamba wa Luka 13 naye alitaka kulima kwanza kuuzunguka ule mtini usiozaa, ndipo atie samadi. Na Ayubu 14 inasema mti uliokatwa, hata shina lake likifa udongoni, utachipuka kwa harufu ya maji. Harufu, wapendwa. Si bidoni nzima.

Jumatano nilikwenda kwa dada yule, Biblia nikaiacha nyumbani. Nikamkuta anachambua maharage. Nikavuta kigoda, nikachambua naye, karibu saa nzima. Halafu akaanza mwenyewe, jinsi mumewe alivyopenda sombe, yaani kisamvu, yenye mawese mengi. Akalia, akaongea, akalia tena. Mstari ulinijia mdomoni mara tatu, nikaumeza.

Aliponisindikiza hadi kwenye mlango wa uzio aliniuliza kama nitarudi.

Ua bado limelegea. Papa aliniambia linaweza kuchukua majuma kadhaa. Jumatano ijayo narudi kwa dada. Niombeeni nijue kunyamaza.