Waliompenda Daudi katika Nyumba Moja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika sura ya 18 ya 1 Samweli kuna jambo tunalolipita mbio tukikimbilia habari za Mfalme Sauli na mkuki aliotaka kumwua nao Daudi. Watoto wawili wa mfalme, kaka na dada, wanampenda kijana yuleyule mchunga kondoo wa Bethlehemu. Yonathani anampenda kama roho yake mwenyewe. Mikali naye anampenda. Maandiko hayaoni aibu kuyataja yote mawili katika sura moja, wala hayayachanganyi.

Mikali alimpenda kama mwanamke anavyompenda mwanamume, akawa mkewe. Upendo huo hudai. Unamtaka mtu awe wako peke yako, na ni haki yake kudai hivyo. Wimbo Ulio Bora husema upendo una nguvu kama mauti. Ndio uliomfanya Mikali amteremshe Daudi dirishani, kisha akalaza kinyago kitandani na kukifunika nguo, wajumbe wa baba yake waambiwe kwamba Daudi ni mgonjwa.

Yonathani je? Alivua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Tulia hapo kidogo. Huyu ni mwana wa mfalme, na baadaye Sauli alimwambia wazi kwamba Daudi akiwa hai, ufalme wake hautathibitika. Bado, Daudi alipokuwa akijificha mwituni Zifu, Yonathani alimwendea, akamtia nguvu katika Mungu, akamwambia: wewe utakuwa mfalme, nami nitakuwa wa pili wako. Kisha akarudi nyumbani kwake. Alichowahi kumwomba ni fadhili kwake na kwa uzao wake, na ndiyo maana Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili, alikula mezani pa mfalme miaka mingi baadaye.

Nayasema haya kwa sababu makanisani mwetu kaka na dada wakionekana wakiongea vizuri baada ya mazoezi ya kwaya, haraka wanaanza kuulizwa, "Mnatangaza lini uchumba?" Wengine huacha hata kusalimiana kwa kuogopa maneno. Paulo alimwagiza Timotheo awaone wanawake vijana kama dada zake, katika usafi wote. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana, tena linaagizwa.

Upande wa pili yupo anayejiita rafiki huku moyoni anangoja. Kila nauli aliyotuma na kila usiku aliokesha akisikiliza shida za dada huyo ameandika kama deni, na siku posa ya mwingine ikifika, urafiki unageuka uchungu. Ndugu yangu, ukimpenda kwa mahaba, mwambie, apate nafasi ya kukujibu ndiyo au hapana. Ukimpenda kama rafiki, utaweza kukaa kwenye kamati ya harusi yake na kuchanga kwa furaha.

Kwa walio kwenye ndoa nasema moja tu: urafiki unaomficha mwenzi wako umeshavuka mpaka.

Na tunapowaombea ambao hawajaoa au kuolewa, pamoja na wajane wetu, tumezoea kuomba kitu kimoja, ndoa. Kwenye maombi ya wiki hii tuwaombee pia akina Yonathani.