Birika la kahawa lililokuwa staa wa mtandao

Jana usiku nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, linki moja ikanipeleka nyingine hadi saa nane nipo macho nasoma habari za birika la kahawa, we acha tu. Mwaka 1991 jamaa wa kompyuta pale chuo kikuu cha Cambridge walichoka kuifuata kahawa halafu wanakuta imeisha, basi wakalitegea birika kamera ili wacheki wakiwa mezani kwao. Uvivu wa kisomi huo! 1993 picha zikaingia kwenye wavuti, za kijivu tupu, ndogooo, na watu wa mbali huko wanakodoa macho eti limejaa au halijajaa. Kamera ikazimwa 2001, birika likapigwa mnada, Spiegel Online, tovuti ya habari ya Ujerumani, ikalibeba kwa pauni 3,350. Birika chakavu jamani!