Nusura Ninunue Betri Mpya

Jumatatu iliyopita gari langu liligoma kuwaka. Taa za dashibodi ziliwaka vizuri, lakini kila nilipozungusha ufunguo stata, yaani mota ya kuwashia injini, ililia "tik" mara moja, kisha kimya. Muuza betri wa jirani aliniambia, bila hata kufungua boneti, kwamba betri imekufa, na kwa kuwa ina miaka mitatu nusura nimwamini.

Nilipofungua boneti nilikuta kibano cha waya wa upande wa chanya wa betri kimeota unga mweupe wenye ubuluu pembeni. Ndani ya betri mna tindikali ya salfa, na mvuke wake ukipenya kando ya kichwa cha betri, ile nguzo ya risasi inayoshikwa na kibano, hula risasi na shaba iliyo karibu; shaba ndiyo inayoleta ule ubuluu. Kabla ya kugusa chochote niliweka ncha moja ya mita ya umeme juu ya kichwa cha betri, nyingine juu ya kibano chake, nikamwomba mke wangu azungushe ufunguo. Mita ilisoma zaidi ya volti 4, ilhali ilipaswa kukaribia sifuri. Betri yenyewe, gari likiwa limezimwa, ilikuwa na volti 12.5. Umeme ulikuwapo, ila ulikwama katika upenyo mwembamba kama karatasi.

Nilivua saa na pete, nikavaa glavu na miwani, nikafungua hasi kwanza kwa spana namba 10, ndipo nikafungua chanya. Hapa hapana mjadala, kwani bodi nzima ya gari imeungwa na hasi, na spana iliyoshika chanya ikigusa chuma itapiga shoti na kutoa cheche mahali ambapo huenda pana gesi ya haidrojeni.

Wengi humwagia soda, ambayo huondoa unga kweli lakini huacha sukari inayonata. Mimi nilichukua jikoni magadi yale yale ya kulainishia maharage, vijiko viwili katika kikombe cha maji ya vuguvugu, nikapaka kwa mswaki mkuukuu. Yalitoa povu kwa kuzimua tindikali, nami nikarudia mpaka povu likakoma, nikihakikisha vifuniko vya betri vimebana, maana magadi yakiingia ndani huiharibu tindikali inayohitajika.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea, kwa sababu kilichozuia umeme ni utando mweusi ulio ndani ya kibano, usioonekana mpaka ukitoe. Nilikunja msasa, nikasugua ndani ya kibano na kichwa cha betri mpaka risasi iking'aa, nikasuuza, nikakausha, nikafunga chanya kwanza na hasi mwisho, bila kugonga kwa nyundo, kwani risasi ni laini. Juu nilipaka mafuta ya mgando.

Gari liliwaka mara moja, ingawa saa ya redio ilipoteza majira. Injini ikinguruma, mita ilisoma volti 14.2, kwa hiyo alteneta, mashine inayoichaji betri injini ikizunguka, haichaji kupita kiasi hata ikazidisha mvuke wa tindikali. Unga ukirudi mapema, nitashuku kichwa cha betri kinavuja.